Afya ya Watoto: Mbona Ndama Amechanjwa na Mtoto Bado?

Asubuhi ya siku ya kuchanja ng'ombe katika nchi ya Kajiado haina mtu mvivu. Kabla ya jua kupanda vijana wamekwisha kutenga ndama, ujia mwembamba wa miti umekazwa vizuri, na mzee mwenye boma amesimama penye mlango wa zizi akihesabu kwa kidole. Daktari wa mifugo hana haja ya kumsihi mtu. Ndama mmoja akikimbilia vichakani, vijana wawili humfuata mpaka wamrudishe, maana hakuna apendaye mnyama wake abaki bila dawa. Jioni mzee aweza kutaja kila ndama aliyechanjwa, na rangi yake, na mama yake.

Lakini aulizwe habari za mtoto anayetambaa kivulini karibu na nyanya yake, mtoto aliyekwisha timiza miezi kumi, kama amepata sindano ya surua. Mara nyingi jibu haliji upesi. Mzee husema kwamba mambo hayo anayajua mama yake. Mama husema mtoto alichanjwa alipozaliwa, na mara moja tena baadaye, na kijitabu kipo mahali. Nyanya husema mtoto ni mzima. Hayo ya nyanya ni kweli, ila uzima wa leo si kinga ya kesho.

Mtu mwepesi wa kulaumu atasema kwamba watu wa huko hupenda ng'ombe kuliko watoto. Neno hilo si la haki, tena halina msaada wowote. Mwenye kutaka kuponya jeraha hana budi kulitazama kwanza. Yafaa basi kutazama kwa utaratibu sababu zinazowafanya watoto wadogo wa mashambani, na hata wengine wa mji wa Kitengela ulio kando ya barabara kubwa, wapitwe na chanjo zao.

WATU WASIODHARAU CHANJO

Katika Kenya ni watu wachache wanaoijua faida ya chanjo kama wafugaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliingia nchi ya Wamaasai ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na nyuma yake zikafuata njaa na ndui. Wamaasai huuita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Chanjo bora iliyoishinda sotoka ilitengenezwa jirani, huko Muguga, si mbali na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake waliifanyia kazi mpaka ikafaa, karibu na mwaka 1960. Mara ya mwisho ugonjwa ule kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha ulimwenguni kote.

Chanjo ya ndigana kali nayo ilitokana na kazi ya Muguga, katika miaka ya 1970. Wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wameilipia kwa fedha zao wenyewe, ndama wakavishwa hereni masikioni ili ijulikane kwamba wamechanjwa. Basi mtu anayelipa fedha ili ndama wake achomwe sindano hawezi kuambiwa kwamba haamini sindano.

Tofauti iko mahali pengine. Dawa ya ng'ombe huja mpaka kwenye boma au kwenye josho. Siku yake hutangazwa mapema, chifu huitaja barazani, na wote hufanyiwa kazi kwa siku moja. Dawa ya mtoto hukaa katika jokofu la dispensari, nayo humngojea mtoto aje. Kwa maneno machache, ng'ombe hufuatwa, mtoto huitwa. Hapo ndipo shida nyingi zinapoanza.

SAFARI SITA

Mtoto wa Kenya hatakiwi kuchanjwa mara moja tu. Anapozaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu dogo katika mkono wa kushoto chini ya kiwiko, pamoja na matone ya polio. Anapotimiza wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, hurudishwa apate matone tena, na sindano zinazomkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia, na dawa ya kuzuia kuhara kubaya. Anapotimiza miezi 9 huchanjwa surua na rubela, na anapofika miezi 18 huchanjwa hiyo tena. Hizo ni safari sita kabla hajatimiza miaka miwili, wala hazikuhesabiwa siku za kupimwa uzito wala za kupewa vitamini.

Wako wanaouliza kwa nini dawa isitolewe yote siku moja ili taabu iishe. Jibu ni kwamba mwili wa mtoto hujifunza kidogo kidogo. Sindano ya kwanza huufundisha kumtambua adui, na zile zinazofuata huutia nguvu ya kumshinda. Surua hungojewa mpaka miezi 9 kwa sababu mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake. Kinga hiyo ikiwa ingali na nguvu huizuia chanjo isishike. Hata katika miezi 9, watoto kama 15 kati ya 100 chanjo haiwashiki sawasawa, na ndiyo sababu ya kuirudia katika miezi 18. Mzazi aliyeishia sindano ya kwanza amefanya kama mtu aliyejenga ua wa zizi pande tatu. Chui hana haja ya kupita pande zile tatu.

Uchunguzi wa watu na afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 80 kati ya 100 wenye umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Hiyo ni kazi kubwa, tena ya kusifiwa. Lakini surua haitosheki na 80. Ni katika maradhi yanayoambukiza upesi kuliko yote. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, aweza kuwaambukiza wengine 12 mpaka 18. Ili isipate njia ya kupita, yatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Wale waliobaki hawakutawanyika sawasawa kama mbegu zilizopandwa kwa mstari. Hukutana mahali pamoja, penye maboma ya mbali na penye vyumba vya kupanga, na surua hupajua mahali hapo.

MWENDO NA UKAME

Sababu ya kwanza ni mwendo. Kajiado ni nchi yenye kilometa za mraba karibu 21,900, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikuwamo watu 1,117,840. Wengi wao wamekusanyika upande wa kaskazini, katika Ngong, Ongata Rongai, Kiserian na Kitengela. Waliobaki wametawanyika katika nchi pana, kutoka Magadi mpaka Mashuuru, na kutoka Bissil mpaka mpakani Namanga. Mama wa huko aweza kutembea asubuhi nzima, mtoto mgongoni, ndipo aone bati la dispensari. Pikipiki ipo, lakini nauli yake yaweza kushinda bei ya unga wa siku kadhaa. Chanjo hazilipiwi katika vituo vya Serikali, lakini njia ya kuzifikia hulipiwa.

Tena wafugaji huhama, nao hawahami kwa kupenda. Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo, ng'ombe wengi wakafa, na watu wakalazimika kufuata majani mbali na kwao. Mtoto aliyeanza chanjo karibu na Isinya aweza kutimiza miezi 9 akiwa mahali ambapo jina lake halimo katika daftari lolote. Nesi wa kwanza humngoja. Nesi wa pili hajui kwamba yupo.

MTOTO ALIYEZALIWA NYUMBANI

Sababu ya pili ni kuzaliwa nyumbani. Mtoto aliyezaliwa hospitali huchanjwa kabla hajatoka, huandikwa jina, na mama yake hupewa kijitabu. Tangu mwaka 2013 Serikali ilipoondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake, mama wengi zaidi wamezalia huko. Lakini uchungu hauna saa. Ukimshika mama usiku, na mto umejaa, na gari hakuna, mkunga wa jadi ndiye aliye karibu. Mkunga huyo aweza kuwa hodari sana wa kazi yake, lakini hana jokofu wala daftari. Baada ya hapo mama hukaa ndani kwa muda kufuata desturi, apate nguvu na mtoto akazane. Wiki ya sita hupita angali ndani. Mtoto huyo huanza maisha akiwa nyuma, na aliye nyuma akiisha kuona haya ya kuchelewa, huzidi kuchelewa.

"RUDI ALHAMISI"

Sababu ya tatu haisemwi sana, na huenda ndiyo inayouma kuliko zote, kwa kuwa humpata mama ambaye amekwisha shinda taabu ya mwendo. Mfano wake ni huu. Mama amefika saa nne, amekaa katika benchi, mtoto wake wa miezi 9 amelala. Nesi anamwita kwa upole.

"Mama, leo mko wawili tu wa surua. Chupa hii ni ya watoto kumi. Rudi Alhamisi, mtakuwa wengi."

"Daktari, Alhamisi ni zamu yetu ya maji."

"Basi Alhamisi ile nyingine."

"Nimesikia," asema mama, naye anajifunga mtoto wake mgongoni.

Hakukataa chanjo mama huyo, wala hakumtukana mtu. Ila harudi. Alhamisi ile nyingine ng'ombe wamehama, au mkubwa wa watoto ana homa, au nauli imekwisha.

Nesi naye si mtu mbaya. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huja kama unga mkavu katika chupa, nao huchanganywa na maji yake maalumu. Ikiisha kuchanganywa haina budi kutumiwa katika muda wa saa 6, na inayobaki hutupwa, maana yaweza kuingia uchafu wa kudhuru. Chupa ya surua huwa ya watoto 10, na ya kifua kikuu huwa ya watoto 20. Nesi hutoa hesabu ya kila chupa kwa wakubwa wake, naye huogopa kuulizwa kwa nini alimwaga dawa ya watoto 8. Makarani wataelewa vema hofu hiyo. Dawa iliyomwagwa huandikwa katika daftari, lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani bila dawa haandikwi popote. Hasara ya kwanza yaonekana, na hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, haionekani mpaka siku surua itakapoingia bomani. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa bei ya dawa iliyomwagika ni ndogo kuliko bei ya mtoto aliyekosa.

MJI ULIO KARIBU NA HOSPITALI

Mtu angedhani kwamba katika Kitengela shida hizo hazimo. Mji huo uko kando ya barabara ya Namanga, una hospitali ya Serikali na kliniki nyingi za watu binafsi, na mwaka 2019 ulihesabiwa watu 154,436. Hapo hakuna mto wa kuvuka wala simba wa kuogopwa. Hata hivyo wako watoto wanaopitwa hapo pia, na sababu yao ni saa, si mwendo.

Baba na mama wengi wa Kitengela hufanya kazi ya kibarua, wengine katika viwanda vya Athi River, wengine katika ujenzi, wengine wakifulia watu nguo. Kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Mama akienda kliniki asubuhi, akapanga mstari mpaka saa sita, amepoteza ujira wa siku hiyo, na pengine kesho yake atakuta mahali pake pamechukuliwa na mwingine. Mtoto hushinda kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja. Jirani huyo huwapa uji na kuwafuta kamasi, lakini si kazi yake kuwapeleka sindano. Tena chumba kimoja chenye watoto wengi ni mahali pazuri mno kwa surua.

Kuna na jambo la kijitabu. Mtoto hupelekwa kwa nyanya yake mashambani kodi ya nyumba inapopanda, kisha hurudishwa mjini mambo yanapotengenea. Nyanya hudhani alichanjwa mjini. Mama hudhani alichanjwa mashambani. Kijitabu kimebaki katika sanduku la nyumba ya tatu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo kinachokwenda mrama hapa kina abiria wa miezi 9.

HOFU NA MANENO YA WATU

Sababu nyingine ni hofu. Mtoto akichanjwa asubuhi, jioni aweza kuwa na homa kidogo, na paja likavimba. Asipoelezwa mapema, mama atasema amepeleka mtoto mzima akarudishiwa mgonjwa. Chanjo ya kifua kikuu nayo hufanya kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa, na kidonda hicho ni dalili kwamba inafanya kazi. Maneno mawili ya nesi siku ile yangeondoa hofu yote, lakini mstari ni mrefu na nesi yuko peke yake.

Tena kuna uvumi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliitilia shaka chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake, wakasema yaweza kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakajibu kwamba chanjo hiyo ni salama. Mabishano ya namna hiyo huwa na sehemu mbili, shaka na jibu, lakini shaka husafiri kwa miguu myepesi, na jibu hubaki ofisini. Katika nyumba nyingine mama yuko tayari, ila hawezi kuondoka wala kupata nauli bila idhini ya baba mwenye nyumba au ya mama mkwe, na hao hawakuelezwa neno lolote, kwa sababu mafundisho yote ya kliniki hupewa wanawake peke yao.

Habari ya Ali Maow Maalin wa Merka, katika Somalia, yafaa kukumbukwa na kila mwenye hofu. Alikuwa mpishi wa hospitali, tena kijana. Watu walipochanjwa ndui yeye aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui, awaonyeshe njia, na safari hiyo fupi ikatosha kumwambukiza. Alipona kwa bahati njema, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Baadaye Maalin alifanya kazi ya kuwahimiza wazazi wa Somalia wawapeleke watoto wao wapate matone ya polio, akiwaeleza habari zake mwenyewe mpaka alipokufa mwaka 2013, angali katika kazi hiyo. Hofu yake ilikuwa ya mtu mzima juu ya mkono wake mwenyewe. Hofu ya mzazi hulipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

LAWAMA SI YA WAZAZI PEKE YAO

Haki yataka isemwe pia kwamba mara nyingine mzazi amefika na mlango umefungwa. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za Serikali waligoma kazi kwa muda wa karibu miezi 5, na watoto waliozaliwa siku zile wakakosa sindano kwa wakati wake. Mwaka 2020 korona iliwatia watu hofu ya kukaa katika mabenchi ya hospitali. Mwaka 2025 chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio yalipungua katika sehemu nyingi za nchi, mama wakawa wanarudishwa na watoto wachanga mikononi. Mama aliyerudishwa mara mbili hasemi kwamba ghala ni tupu. Husema safari haina faida. Kumrejeza mtu wa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kumleta mara ya kwanza, na wenye kutunza fedha na maghala hawana budi kulijua jambo hilo.

Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilifanya kampeni ya kuchanja watoto surua na rubela, pamoja na chanjo mpya ya homa ya matumbo, na wachanjaji wakawaendea watu walipo. Kampeni ni jambo jema. Ila ni mvua ya siku moja, haiwezi kuwa badala ya kisima. Mtoto aliyezaliwa baada ya kampeni kwisha hana fungu ndani yake.

YANAYOWEZEKANA

Kama ng'ombe hufuatwa, mtoto naye yafaa afuatwe. Dawa za chanjo hutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, lakini baridi hiyo yaweza kusafiri. Kasha la barafu lililofungwa vizuri huihifadhi dawa kwa siku nzima, nalo hufungwa nyuma ya pikipiki bila taabu. Siku ya soko la ng'ombe huwakusanya watu wa kila upande bila kuitwa na mtu, na siku ya kuchanja mifugo vile vile. Nesi akiwa na meza yake chini ya mti karibu na hapo, atapata watoto kumi kwa chupa moja kabla ya saa tano, na hapatakuwa na haja ya kumwambia mama yeyote arudi Alhamisi.

Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa vya kuzungukia nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanaojua ni nyumba ipi imepata mtoto, na ni boma lipi limehama na limeelekea wapi. Mhudumu akiandika jina la mtoto katika wiki yake ya kwanza, na kulipeleka kwa nesi, mtoto aliyezaliwa nyumbani atakuwa amepata mlango wa kuingilia. Mkunga wa jadi naye asidharauliwe. Aambiwe tu kwamba kazi yake haijaisha mpaka mtoto apelekwe kuchanjwa.

Wazee wana sehemu kubwa. Neno la mzee barazani lina uzito ambao karatasi ya ukutani haina. Mzee anayeweza kutaja ndama wake wote na siku walipochanjwa ana kumbukumbu ya kutosha kwa wajukuu wake. Na baba anayetoa fedha za dawa ya mifugo bila kuombwa mara mbili, atoe na nauli ya kliniki vivyo hivyo. Wenye kuajiri watu wa kibarua nao wangeweza kumpa mama nusu siku mara chache katika mwaka. Mtoto akishikwa na surua, mama huyo hatakosa kazi kwa nusu siku, bali kwa wiki nzima au zaidi.

Kwa wazazi wenyewe kuna mambo matatu. La kwanza, kijitabu cha mtoto kiwekwe pamoja na hati ya shamba na kitambulisho, nacho kisafiri na mtoto popote aendapo. La pili, mtoto apelekwe hata akiwa na mafua kidogo. Nesi ndiye ataamua kama angojee. La tatu ni kubwa kuliko hayo: aliyechelewa hakupoteza kila kitu. Wako mama wanaobaki nyumbani kwa kudhani kwamba tarehe ikipita mlango umefungwa, au kwamba mtoto ataanzishwa tena toka mwanzo, au kwamba watagombezwa mbele ya watu. Mtoto aliyekatiza huendelea kutoka pale alipoishia. Sindano alizokwisha kupata hazifutiki. Na nesi mwenye busara humkaribisha mama aliyechelewa kwa furaha kuliko aliyewahi, maana yule ndiye aliyekuwa karibu kupotea.

Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia zizini na mlango wa miiba kufungwa, mwenye boma huhesabu tena. Akikosekana mmoja, hapati usingizi; taa huwashwa, vijana hutumwa. Hesabu hiyo hiyo yatakiwa ndani ya nyumba. Usiku huu huu kijitabu cha kila mtoto kitolewe sandukuni, kitazamwe kwa taa, na penye nafasi tupu pawekwe alama. Kesho mtoto huyo atafutwe njia ya kufika kwa nesi, kama atafutwavyo ndama aliyelala nje.